Aota Ikichanika: Kutoka Kitanda cha Dharura Hadi Stenti Inayopitia Kinenani

Aota ni mshipa mkuu unaotoa damu kwenye moyo. Maumivu yake ikichanika hayaanzi kidogo kidogo. Huja kwa mara moja yakiwa makali, kifuani au katikati ya mabega, na mara nyingi mgonjwa ana presha ya miaka mingi. Akifika kituoni Kondoa au Manyoni, usimpe aspirini wala heparini (dawa za kuzuia damu kuganda) kwa kudhani ni mshtuko wa moyo kabla hujapima presha mikono yote miwili. Tofauti inayozidi 20 kwenye namba ya juu inatosha kumpeleka CT, kipimo cha picha za ndani ya mwili. Isipokuwepo, bado hujamaliza: wengi hawana tofauti hiyo.

Kabla gari halijaondoka, weka kanula mbili kubwa, toa mofini ya maumivu, kisha labetaloli, dawa ya kupunguza mapigo na presha, miligramu 20 taratibu kwenye mshipa. Rudia 40 hadi 80 kila dakika 10, jumla isizidi 300. Mwenye pumu asipewe. Lengo ni mapigo chini ya 60 kwa dakika na presha ya juu kati ya 100 na 120, ikisomwa kwenye mkono wenye namba kubwa. Kosa la kawaida ni kuanza na haidralazini, dawa ya presha isiyopunguza mapigo, kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini. Presha inashuka kweli, lakini moyo unaenda mbio na kila pigo linazidi kupanua mpasuko. Mapigo kwanza.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ina CT. Omba picha za mishipa kuanzia shingoni hadi kinenani. Za kifua peke yake hazimsaidii atakayeweka stenti, yaani bomba la kushikilia mshipa kwa ndani. Mpasuko ukigusa aota inayopanda kutoka kwenye moyo, ni upasuaji wa kufungua kifua, haraka. Ukianzia baada ya mshipa wa mkono wa kushoto, dawa hutangulia, na stenti huwekwa iwapo aota inavuja, utumbo, figo au miguu inakosa damu, au maumivu na presha havitulii.

Stenti hiyo imevikwa kitambaa. Huingizwa kupitia mshipa wa kinenani, ambao unatakiwa kuwa na upana wa milimita 7 au 8. Mwembamba zaidi huchanika. Waya unaoiongoza lazima upite kwenye njia halisi ya damu, si ile ya uongo iliyofunguka ndani ya ukuta uliochanika, na hilo lithibitishwe kuanzia kinenani hadi juu. Stenti ikifunguliwa kwenye njia ya uongo, viungo vinakatiwa damu papo hapo. Chagua kipenyo sawa na cha aota nzima isiyoumia au kizidi kwa asilimia 10 tu: kikubwa mno hutoboa ukuta upya. Stenti ishike angalau milimita 20 za ukuta mzima juu ya tundu la mpasuko. Wakati wa kuifungua presha ya juu hushushwa hadi karibu 80 au 90, damu isije ikaisukuma mbele. Puto la kuitanua stenti halitumiki hapa.

Baadaye mwambie mgonjwa akunje miguu kila saa. Ikilegea, uti wa mgongo unakosa damu. Sasa presha ipandishwe, wastani wake uzidi 90, kinyume kabisa na ulivyofanya jana, na maji ya uti wa mgongo yapunguzwe.

CT hurudiwa baada ya mwezi 1, miezi 6, miezi 12, kisha kila mwaka. Mgonjwa aondoke na CD ya picha zake. Ripoti ya maandishi haitoshi kulinganisha vipenyo.