Sydney: kabla hujashika trei, shughulikia RSA

Ukizunguka na CV yako kwenye baa na mikahawa ya Sydney, Australia, swali la kwanza la meneja huwa fupi: "Una RSA?" Haulizi umehudumia watalii miaka mingapi kule Zanzibar. RSA ni kozi ya kuuza pombe kwa uwajibikaji, na katika jimbo la New South Wales hupeleki hata bia moja mezani bila kuwa nayo. Baunsa wa mlangoni naye anadaiwa RSA.

Nyuma ya kozi hiyo ipo idara ya serikali ya jimbo iliyoanza Julai 2024, yenye jina refu kama treni ya mizigo: ubunifu, utalii, ukarimu na michezo. Neno "ukarimu" lisikuchanganye. Hapa si kumkaribisha mgeni chai, ni hoteli, baa na vilabu. Leseni za pombe na kamari ziko chini ya kitengo chake kiitwacho Liquor & Gaming NSW.

Soma chuo kilichoidhinishwa na kitengo hicho tu. Cheti ulichopata Melbourne, jimbo jingine, peke yake hakitoshi. Kabla ya kozi fungua namba ya mwanafunzi, USI, na jina uliandike vilevile kama pasipoti. Wengi wetu hukwama hapo: pasipoti ina jina la babu, fomu ya chuo ina majina mawili, mfumo unakukataa. Mimi nilipoteza siku mbili kwa herufi moja ya "h".

Ukifaulu unapata cheti cha muda cha siku 90. Kazi unaweza kuanza nacho, ila usingoje siku ya 89 ndipo ukaombe kadi ya RSA kwa Service NSW, ofisi ya huduma za serikali ya jimbo. Kadi yenyewe hudumu miaka 5.

Mtihani hasa uko kaunta. Mteja anayumba, noti mkononi, anakuita ndugu yake. Kumuuzia mtu aliyelewa ni kosa, na faini inaweza kukuangukia wewe mhudumu, si mwenye baa tu. Mimi humsogezea glasi ya maji, kisha namwita meneja. Kubishana naye ni kujitafutia balaa.

Kama dini yako haikuruhusu kugusa pombe, tafuta mkahawa usio na leseni ya pombe. Huko RSA haikuhusu.

Ukidhulumiwa mshahara, idara hii siyo mlango wake. Nenda Fair Work Ombudsman, ya serikali kuu. Kiingereza kikikupiga chenga, piga 131 450 uombe mkalimani wa Kiswahili.

Na nyinyi viongozi wa vyama vya jamii: mkiandaa usiku wa taarab au dansi, bia mkaiingiza kwenye bei ya tiketi, sheria inasema mmeuza. Chama kisichotafuta faida kinaweza kuomba leseni ya shughuli moja. Iombeni kabla hamjachapa tiketi.