Somo: Mnara wa dadu kwa boksi la kawaida (vipimo vimo humu, soma kabla ya kuuliza)

Mbukwenyi wadau. Haipiti wiki mtu hajanitumia meseji "mkuu kile kidude cha kutupia dadu ulinunua wapi". Sikununua, nilitengeneza, na nimeshaelekeza kwa simu, kwa voisi, kwa picha, mpaka nimechoka. Naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakurushia linki ya huu uzi halafu nanyamaza.

Kwa asiyejua: ni mnara mdogo unaukalisha mezani, unadondosha dadu kwa juu, ndani zinagonga vibao vilivyokaa mshazari, zinatokea mlango wa chini zikiwa zimeshabiringika zenyewe. Kwanza inamaliza ule ugomvi wa "hujatupa wewe, umeiweka", maana kwenye ludo kuna watu wana vidole vyao, akitaka sita anaitelezesha sita na mnaiona hivi hivi. Pili dadu hazirukii tena mchangani, na tukicheza barazani hiyo ndo ilikuwa inatula muda kuliko mchezo wenyewe.

VIFAA
Boksi gumu (ya zabibu ni mazuri sana, pale soko la Majengo hapa Dodoma ukiomba vizuri unapewa), rula, penseli, kisu cha steshenari kile cha kusukuma wembe, gundi nyeupe ya mafundi seremala, selotepu ya karatasi, kifuniko cha boksi la viatu. Basi.

VIPIMO (kwa dadu ya kawaida yenye upande wa mm 16, boksi lenye unene wa mm 4)
Ukuta wa nyuma: upana sm 7, urefu sm 22
Ukuta wa mbele: upana sm 7, urefu sm 16 (ile sm 6 inayobaki chini ndo mlango)
Kuta za pembeni mbili: upana sm 8.3, urefu sm 22
Vibao viwili: upana sm 7, urefu sm 5.7
Mteremko wa chini: upana sm 7, urefu sm 10.6

HATUA

1. Kata vipande. Wembe uwe mpya, butu unararua boksi.

2. Kabla ya gundi yoyote, chukua kuta mbili za pembeni, zilaze mkabala kama kurasa za kitabu kilichofunguliwa, uchore ndani. Kwanza chora mstari mm 4 kutoka ukingo wa nyuma na mwingine mm 4 kutoka ukingo wa mbele, hapo ndo kuta zitakaa, katikati inabaki sm 7.5. Halafu kibao cha kwanza: kinaanzia kwenye mstari wa nyuma, urefu sm 18.5 kutoka chini, kinashuka mpaka sm 14.5 kikiwa kimeingia ndani sm 4. Cha pili kinaanzia mbele kwenye sm 13, kinashuka mpaka sm 9, nacho kimeingia sm 4. Mteremko unaanza nyuma kwenye sm 7.5 unaishia chini kabisa mlangoni. Ukichora sawa utaona vyote vimelala nyuzi 45.

3. Hapa tulieni, maana nusu ya meseji ninazopata zinatokea hapa, na mnara wangu wa kwanza ulifia hapa hapa. USIGUNDISHE KUTA ZOTE NNE KWANZA. Najua mkono unawasha, unataka uone kimnara kimesimama, lakini ukishafunga kuta nne huwezi tena kuingiza vibao, vidole haviingii, utapachika kwa kukisia, kimoja kitakaa juu kingine kitalala, na dadu itakwama katikati na hakuna namna ya kuitoa zaidi ya kupasua. Laza ukuta mmoja wa pembeni mezani, mchoro ukiangalia juu. Simamisha ukuta wa nyuma, wa mbele, vibao na mteremko juu yake, vyote kwa gundi, vishikilie kwa selotepu. Ukuta wa pembeni wa pili USIPAKE gundi, ubandike kwa selotepu tu. Simamisha mnara, mwaga dadu, mwaga tena, mwaga nyingi kwa mpigo, mwaga kwa fujo kama mtu aliyeshindwa. Zikikwama fungua selotepu, sogeza kibao, rudia. Zikipita zote bila shida ndo unafunga moja kwa moja.

Mambo ya kuangalia hapo hapo:
- Mwanya kati ya ncha ya kibao na ukuta unaokitazama (wa mbele au wa nyuma) ni mm 35, usiupunguze. Dadu ya mm 16 ukiipima kona hadi kona ya upande wa pili inakaribia mm 28, sasa wewe ukiacha mwanya wa mm 25 eti "inapita", inapita ikiwa imelala, ikija kwa kona inakaa hapo mpaka kesho.
- Mistari ya ndani ya boksi (yale mawimbi) kwenye vibao ielekee kule dadu zinakoshukia. Ikikaa kwa kukingama kibao kinapinda baada ya muda.
- Usibandike kitambaa kwenye vibao. Kitambaa kinashika dadu. Kitambaa ni cha trei tu.
- Ncha za vibao zibandike karatasi laini, zile tundu za boksi zinanasa kona za dadu.

4. Gundi ikauke. Kiangazi cha huku inakauka haraka ila kuwa na adabu, iache usiku kucha.

5. Weka kifuniko cha viatu mbele ya mlango kiwe trei. Ndani yake tandika soli ya kandambili kuukuu au fulana, inapunguza kelele.

6. Rangi na mapambo ni juu yako.

Imeisha. Maswali hapa chini, PM sijibu.

---

Dogo_Nkuhungu: Somo zuri mkuu, sasa vipimo je?

Kete_Nyeusi (mwandishi): Panda juu. Kuna neno limeandikwa VIPIMO kwa herufi kubwa.

Dogo_Nkuhungu: Nimeona mkuu, nilikuwa natumia simu

Kete_Nyeusi: Hata mimi natumia simu.

MamaMapacha_AreaC: Asante kaka, mimi na wanangu tunacheza ludo na zile dadu ndogo za dukani zinazokuja na bodi, itafanya kazi au nipunguze?

Kete_Nyeusi: Usipunguze dada, iache ilivyo. Ndogo zinapita vizuri, shida huwa ni kubwa kwenye mnara mdogo. Ila vidadu vya dukani vyepesi vinaruka sana vikitoka, trei yako iwe na ukingo wa sm 3 hivi. Na watoto waambie wadondoshe, wasisukume kwa kidole.

Jobless_Graduate: nimefanya kama ulivyosema dadu zinakwama, somo lako halifanyi kazi

Kete_Nyeusi: Ulijaribu kwa selotepu kabla ya kufunga?

Jobless_Graduate: hapana niligundisha yote nikaona itakuwa imara zaidi

Kete_Nyeusi: Sasa hapo hukufanya kama nilivyosema. Hatua ya 3, herufi kubwa. Pasua ukuta wa pembeni, vibao viko salama, anza upya na huo mmoja tu.

Mwl_Kondoa: Ndugu, swali la udadisi. Kwa nini nyuzi 45 na siyo 30 au 60? Nataka kuwatengenezea wanafunzi wa kidato cha pili kwenye somo la uwezekano.

Kete_Nyeusi: Shikamoo mwalimu, hili ndo swali. Ukilaza sana, msuguano unashinda, dadu inashuka taratibu au inasimama kabisa, hasa boksi likiwa na vumbi na huku kwetu vumbi lipo mpaka kwenye sukari. Ukisimamisha sana dadu inateleza tu na uso ule ule haigeuki. Hapo katikati inagonga, inapinduka, inarudishwa upande wa pili. Kinachoifanya igeuke zaidi ni kugonga kona na kubadilishiwa uelekeo, ndo maana vibao vinapishana na vyote vimepita nusu ya nafasi, sm 4 kwenye 7.5. Kwa wanafunzi ningekushauri dadu mbili: kuna njia 36 za kutokea, 7 ina njia 6, 2 ina moja tu, 12 nayo moja. Waache wamwage waandike ubaoni, mchoro wa kilima utajitokeza wenyewe. Ukiwa na Catan waonyeshe, ule mchezo wa mezani wa Klaus Teuber wa mwaka 1995, kete yake ya jambazi inahama kila ikitoka 7, siyo bahati mbaya imewekwa kwenye namba inayotoka sana.

Mwl_Kondoa: Marahaba. Je mnara unaondoa upendeleo wa dadu mbovu?

Kete_Nyeusi: Hauondoi mwalimu. Unaondoa ujanja wa mkono tu. Dadu yenye uzito upande mmoja itabaki kuwa na uzito upande mmoja hata uipitishe kwenye bomba la maji. Kuipima: glasi ya maji, mimina chumvi ukoroge mpaka iwe haiyeyuki tena, tumbukiza dadu. Ikielea izungushe kwa kidole mara nyingi, ikiwa inarudisha uso ule ule juu kila mara hiyo itupe. Ikizama kabisa kipimo hiki hakiifai, ni plastiki nzito, kaa uhesabu matokeo tu. Na hesabu pande zinazotazamana, lazima zijumlishe 7. Zile za bei chee unakuta 2 inatazamana na 6.

Seremala_Changombe: Kwa plaiwudi vipi? Ninayo mabaki ya mm 3 tele.

Kete_Nyeusi: Safi sana fundi. Ukuta wa pembeni utakuwa sm 8.1 badala ya 8.3 kwa sababu ya unene, mengine yale yale. Piga msasa ndani. Onyo moja ni kelele, kwenye boksi ni tu-tu-tu, kwenye mbao jirani anaamka.

Seremala_Changombe: Nikipiga vanishi?

Kete_Nyeusi: Nje ndiyo. Ndani acha kavu, vanishi ikiwa haijakomaa dadu zinanata.

Binti_Kibaigwa: Mimi wangu wa boksi unaangushwa na upepo, Julai hii huku nje hakikaliki

Seremala_Changombe: Nyuma ya mteremko pana nafasi ya pembetatu iko wazi. Funga kokoto kwenye kitambaa, sindilia humo kabla hujafunga ukuta wa mwisho. Hauendi popote.

Kete_Nyeusi: Fundi hiyo nimeichukua. Ifanyeni wote, ingekuwa hatua ya 3 na nusu.

UDOM_Mwaka_Pili: Bro nilitafuta "dice tower" YouTube nijifunze nikakutana na wazungu wanaongea masaa mawili kuhusu michezo, hakuna hata mmoja aliyeshika boksi 😂

Kete_Nyeusi: 😂 Hao wamejipa jina la kidude. Ni podikasti ya michezo ya mezani, Tom Vasel na Joe Steadman waliianzisha mwaka 2005, Vasel wakati huo alikuwa anafundisha Korea Kusini. Siku hizi wana video nyingi kuliko utakavyoweza kumaliza. Usiwadharau, mimi nasikiliza hao gundi ikikauka. Ukitaka watu wanaochambua mchezo umeundwaje, siyo tu kama ni mtamu, tafuta Ludology. Na Shut Up & Sit Down, Waingereza, wanachekesha ila wanaongea haraka.

UDOM_Mwaka_Pili: Bando ndo changamoto

Kete_Nyeusi: Usisikilizie YouTube, utaisha. Pakua AntennaPod, programu ya kusikilizia podikasti, ni ya bure, haina matangazo, weka ipakue ukiwa na waifai ya chuo tu halafu sikiliza bila intaneti. Sauti ya kbps 128 ni kama MB moja kwa dakika, kipindi cha saa moja hakifiki MB 60. Na Kiingereza kikikuacha punguza spidi iwe 0.8, hakuna anayekuona.

Binti_Kibaigwa: Ya Kiswahili hakuna?

Kete_Nyeusi: Anzisha, nitakuja kama mgeni. Bao peke yake lina vipindi vya mwaka mzima, kete 64 na kila mzee ana sheria zake anazoapia.

Mwl_Kondoa: Huu mnara ni ubunifu wa juzi au ni wa zamani?

Kete_Nyeusi: Zamani sana mwalimu. Warumi walikuwa nao. Mwaka 1985 Ujerumani, pale Vettweiss-Froitzheim, ulifukuliwa mmoja wa shaba wa karne ya 4, una vibao ndani kama hivi hivi na ngazi ndogo mlangoni, uliwekwa na vikengele ili dadu ikitoka vilie. Upo makumbusho ya Bonn. Mbele umechongwa maneno ya Kilatini, maana yake ni kwamba Wapikti wameshindwa, adui ameangamizwa, chezeni bila wasiwasi. Wapikti walikuwa watu wa kaskazini ya Uingereza, kule Uskoti ya leo, waliowasumbua Warumi mpakani.

MamaMapacha_AreaC: Vikengele! Kaka hapo umewaharibu wanangu, wameshaanza kuvitafuta

Kete_Nyeusi: Vile vya bangili za miguuni vinatosha dada, toboa ukingo wa juu wa mlango, vining'inize kwa uzi viguse dadu ikipita. Viwili tu, vikijaa vinazuia njia.

Dogo_Nkuhungu: Mkuu kwani hauuzi ulio tayari? Sh ngapi?

Kete_Nyeusi: Siuzi.

Seremala_Changombe: Mimi nauza. Wa plaiwudi, kokoto ndani. Njoo Chang'ombe uje na dadu zako tuupime hapo hapo.

Dogo_Nkuhungu: Vipimo vyake vikoje?

Kete_Nyeusi: Fundi, huyu nakuachia.