Namna ya Kujinasua na Mazoea ya Wasiwasi wa Kila Siku

Mkulima wa Chamwino au Bahi, hapa Dodoma, ana msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo anapoona anga halina wingu katikati ya Januari na majani ya mtama yameanza kujikunja, hofu yake ina msingi. Hofu hiyo ina faida pia, kwa kuwa humsukuma kuchagua mbegu inayokomaa mapema na kutouza chakula chote cha ghalani. Mazoea yanayozungumzwa hapa ni tofauti: mtu analala akiwaza mvua, anaamka akiwaza ada, mchana anawaza afya ya mtoto, na kila jambo likipita jingine linashika nafasi yake, wala hakuna hata moja lililofikiwa uamuzi.

Usianze kwa kujikemea. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake nchini Marekani waliwataka watu wasimfikirie dubu mweupe, na watu hao wakajikuta wakimfikiria mara kwa mara. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakuwa wamekatazwa hapo awali. Ndiyo maana neno la ndugu na jirani, "Acha kuwaza sana," hata likisemwa kwa upendo wa kweli, halimsaidii mwenye wasiwasi.

Badala ya kuyafukuza mawazo, yapangie muda. Njia hii ilijaribiwa na Thomas Borkovec na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 1983, na nakushauri uanze nayo kwa sababu haihitaji fedha. Tenga nusu saa kila siku, kwa saa ileile na mahali palepale, kwa mfano saa kumi na moja jioni kwenye kiti cha barazani; usichague kitanda, wala saa inayokaribia kulala. Wasiwasi ukikujia kabla ya hapo, uandike kwa mstari mmoja kwenye daftari dogo, jiambie kwamba utaushughulikia saa hiyo, kisha urudishe macho na mikono kwenye kazi uliyokuwa ukifanya. Siku za mwanzo utalazimika kufanya hivyo mara nyingi, na hiyo si dalili ya kushindwa.

Saa ikifika, soma ulichoandika na uulize kila mstari swali moja: je, kuna kitendo ninachoweza kukifanya wiki hii? Tuchukue mfano wa mama anayeuza mboga katika soko la Majengo, ambaye daftari lake lina mistari miwili. Wa kwanza unasema, "Nitakosa marejesho ya kikoba Ijumaa." Hapo kuna hesabu ya kufanya: anadaiwa shilingi 40,000, mkononi ana 25,000, basi anaandika kwamba kesho asubuhi atamwona mweka hazina, kabla ya siku ya kikao, aombe kulipa sehemu sasa na kiasi kinachobaki wiki inayofuata. Mstari wa pili unasema, "Itakuwaje mwanangu akiugua huko bweni?" Akishahakikisha kwamba ana namba ya simu ya matroni na kwamba mtoto ana bima, hana la kufanya zaidi, anaandika pembeni "halina kazi leo" na kufunga daftari. Kufunga huko ni kugumu kuliko hesabu, kwa sababu mwenye wasiwasi huamini moyoni kwamba kuendelea kuwaza ndiko kunakomlinda mtoto.

Imani hiyohiyo ndiyo inayomfanya mtu apige simu mara tano kwa siku kuuliza kama wote ni wazima. Kila jibu humtuliza kwa muda mfupi, kisha shaka hurudi ikidai jibu jingine. Punguza polepole: kama ni mara tano, ziwe tatu wiki hii na moja wiki ijayo, ili uone mwenyewe kwamba utulivu hurudi hata bila kuuliza.

Mwili nao usisahaulike. Punguza kahawa na chai ya rangi, hasa jioni, tembea asubuhi kabla jua halijawa kali, na usitumie pombe kama dawa ya usingizi.

Ikiwa wasiwasi umekushika siku nyingi kwa miezi sita au zaidi, ukiambatana na uchovu, misuli kukaza, hasira za haraka, kukosa umakini au usingizi, nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Huko watachunguza pia kama kuna chanzo cha kimwili, kwa mfano tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi. Hapa Dodoma ipo Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, na inaumiza kuona jina lake likitumiwa mitaani kama tusi, kwa maana watu wanaotibika wanakaa na mateso yao kwa kuogopa kuonekana getini. Tiba ya mazungumzo na dawa vyote husaidia. Kama mawazo yamefikia kutaka kujiua, usisubiri. Mwambie mtu unayemwamini akupeleke siku hiyohiyo. Kwa wengine, ni vema kwenda na daftari, kwani kurasa za wiki mbili tatu zitamweleza mhudumu kwa usahihi zaidi kuliko kumbukumbu ya mtu aliyechoka.