Ukipima sukari, uliza namba

Wenzangu wa Malindi, hasa mliovuka miaka 40: mkipima sukari msiridhike na kuambiwa "iko sawa". Ulizeni namba, mziandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Sukari ya asubuhi kabla ya kula huonyesha hali ya wakati huo tu. Mtu akiacha mahamri na chai ya sukari siku mbili tatu kabla ya kwenda maabara, majibu yaweza kumpendeza bure. Kipimo cha damu kiitwacho HbA1c ndicho kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Chini ya asilimia 5.7 ni kawaida, 5.7 hadi 6.4 kisukari kinanyemelea, 6.5 kwenda juu ni kisukari, na aghalabu hurudiwa ili kuthibitisha.

Sasa hili nalisisitiza sana kwa sisi wa Pwani, maana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, imo katika koo nyingi. HbA1c husoma sukari iliyonata ndani ya chembe nyekundu za damu. Mwenye selimundu, au aliyepungukiwa na damu, anaweza kupewa namba ya kupotosha. Mwambieni daktari mapema, atumie kipimo kingine.

Presha na mafuta ya damu pia yaingie daftarini. Ama HbA1c, aliyepanda kutoka asilimia 5.2 hadi 5.6 kwa miaka miwili bado ataambiwa yuko salama. Mimi ningempunguzia wali wa usiku na kumtoa matembezi kila jioni kuanzia leo.