Kupima usikivu wa kichanga: OAE au AABR?

Vipimo ni viwili, vyote vya mashine: OAE hupima mwangwi wa sikio la ndani, na AABR hupima jinsi neva na shina la ubongo vinavyoitikia sauti. Mtoto aliyezaliwa salama na hakulazwa, anza naye kwa OAE. Aliyekaa wodi ya watoto wachanga zaidi ya siku 5, au manjano yake yalifikia kubadilishiwa damu, mpime kwa AABR. OAE hunasa mwangwi hafifu unaotoka kwenye seli za koklea (sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti), basi. Koklea ikiwa nzima lakini mshipa wa fahamu haupeleki taarifa, mashine itaandika "amefaulu" na mtoto hasikii sawasawa. AABR hufuatilia sauti mpaka kwenye shina la ubongo.

OAE ikifeli, shuku kwanza utando mweupe na majimaji ya uzazi sikioni. Ndiyo maana ni vyema kusubiri saa 24, na aliyezaliwa kwa upasuaji zaidi kidogo. Mtoto awe ameshiba na amelala. Vuta sikio taratibu chini na nyuma, kisha ingiza kizibo cha mpira kinachobana vizuri. Kikilegea, kelele za wodi huingia na mwangwi hupotea. Kabla ya kurudia, chomoa utazame kitundu cha kipimio (ncha ya mashine inayoingia sikioni), mara nyingi kimezibwa na uchafu. Kila mtoto na kizibo chake.

AABR inataka subira. Elektrodi, yaani vibandiko vinavyonasa ishara za neva, hukaa kwenye paji la uso, kisogoni na begani, na hapa Arusha na Moshi adui mkubwa ni mafuta ya kujipaka: mtoto ametoka kuogeshwa, anang'aa, elektrodi hazishiki. Futa ngozi kwa kitambaa cha gozi chenye maji, ikaushe, ndipo ubandike. Simu inayochajiwa karibu iondolewe. Sauti hutolewa kwa desibeli 35. Mtoto akijinyonganyonga, acha anyonye kwanza.

Usirudie kipimo mpaka afaulu. Ukirudia sana, kuna siku atapita kwa bahati tu. Sikio moja likifeli, siku ya marudio pima yote mawili. Na aliyefeli AABR asipimwe kwa OAE ili ahesabiwe amefaulu. Hilo ni kosa kubwa.

Andika majibu kwenye kadi ya kliniki, na marudio yafanyike kabla mtoto hajatimiza mwezi. Akifeli tena, mpe rufaa kwenda idara ya masikio, pua na koo, kama ya hospitali ya KCMC iliyoko Moshi, ili uchunguzi kamili ukamilike kabla ya miezi 3. Aliyeugua homa ya uti wa mgongo ya bakteria apelekwe huko moja kwa moja bila kusubiri: koklea yake inaweza kuanza kuota mfupa ndani ya wiki chache.