Somo: Jinsi HPV inavyoondoa breki za seli ya mlango wa kizazi

Swali la namna virusi vya HPV vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi nimelijibu mara nyingi mno, hivyo naliandika mara moja. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa. Chukueni daftari mchore.

Hatua ya 1. Seli hukua, hunakili DNA yake (maagizo yake ya urithi), kisha hugawanyika.

Hatua ya 2. Breki ya kwanza: protini ya Rb huizuia seli kuanza kunakili mpaka ipate ruhusa.

Hatua ya 3. Breki ya pili: DNA ikiharibika, protini ya p53 husimamisha kazi. Isiporekebishika, seli hujiua.

Hatua ya 4. Hapa niliwahi kupotosha darasa zima. Virusi vya HPV, hasa aina ya 16 na ya 18 zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, huifanya seli itengeneze protini mbili: E7, inayoikamata Rb isizuie tena, na E6, inayoisukuma p53 kwenye mitambo ya seli ya kuvunja protini chakavu. Mimi nilichora jeni ya p53, yaani kipande cha DNA chenye maagizo ya kuitengeneza protini hiyo, ikiwa imekatika, na wanafunzi wakaijibia mtihani hivyo hivyo. Katika saratani hii jeni hiyo kwa kawaida ni nzima. Kinachoangamizwa ni protini yake, kila inapotengenezwa. Wala msiandike kwamba seli ya saratani hugawanyika kwa kasi kuliko zote, kwani seli za uboho nazo zina kasi, ila hutii zinapoamriwa kusimama.

Hatua ya 5. Bila breki hizo, makosa ya DNA hurundikana, kwa kawaida kwa miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga imara, hadi saratani itokee.

Maswali

— Kwa hiyo mwenye HPV ana saratani?

Hapana. Soma hatua ya 5. Wengi kinga yao huviondoa virusi ndani ya miaka miwili.

— Samahani mwalimu, ikiwa jeni ni nzima, E6 ikizimwa p53 itarudi?

Umesoma vizuri. Hurudi: seli za HeLa, zinazokuzwa maabara na zilizotoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi ya mgonjwa Henrietta Lacks mwaka 1951, zina HPV 18, na E6 na E7 zikizimwa maabara, p53 na Rb hurejea kazini na seli huacha kugawanyika.

— Nilipopimwa mlango wa kizazi, muuguzi alinipaka kitu kama siki. Cha nini?

Ni asidi ile ile ya siki. Huyafanya maeneo yenye seli zenye kasoro yawe meupe kwa muda, ingawa si kila weupe ni saratani.

— Nimechanjwa dhidi ya HPV, kupima kwa nini tena?

Chanjo huzuia maambukizi mapya. Haiondoi yaliyokwisha kuingia, wala haikingi aina zote.