Jinsi ya kumsaidia mzazi msahaulifu kumeza dawa zake

"Mama, umemeza dawa?" Atajibu ndiyo, na wala hadanganyi. Anakumbuka kumeza, ila hajui ni leo au jana. Katika kazi yangu ya kuuguza wazee, jambo la kwanza ninaloiambia familia ni hili: acheni kuuliza, shuhudieni kwa macho.

Hatua ya 1: Kusanya dawa zote. Pekua droo, mkoba, hata chini ya mto. Weka pamoja za hospitali, za kununua dukani na za mitishamba, uzipeleke kwa daktari au mfamasia. Uliza ipi inaweza kuachwa na zipi zinaweza kuwa za mara moja kwa siku. Taja hasa dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama klorofeniramini. Zinaweza kuzidisha usahaulifu.

Hatua ya 2: Chagua saa. Fungamanisha dawa na jambo ambalo mzee hufanya kila siku bila kukumbushwa, kama kifungua kinywa. Kwanza hakikisha si ya kumeza tumbo likiwa tupu. Dawa za kukojoza kwa kawaida hupewa asubuhi, asije akaamka usiku kwenda chooni akaanguka.

Hatua ya 3: Panga za wiki nzima kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku 7, nyingine zote ufungie kabatini. Usipuuze kufuli. Mzee anayerudia dozi ya kisukari au ya kuzuia damu kuganda anaweza kupoteza maisha.

Hatua ya 4: Mpe mwenyewe. Hapa ndipo penye kazi. Zima televisheni, kaa usawa wa macho yake, useme kwa upole, "Mama, dawa zako hizi." Usimwambie "si nilikwambia?" Weka kidonge kimoja kiganjani, mkono wa pili mpe maji. Akiwa ameketi wima, ainamishe kidevu kidogo. Akiinua kichwa juu anaweza kupaliwa. Usiondoke bado. Mwongeleshe, anywe funda jingine, kwa maana wengi huficha kidonge shavuni.

Akikataa, usibishane. Ondoka, urudi baada ya dakika 20. Mara nyingi atakuwa amesahau kwamba alikataa. Usisage kidonge wala kukificha kwenye chakula kabla ya kumwuliza daktari: vipo vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole, na ukikisaga dozi yote huingia mwilini kwa mkupuo.

Hatua ya 5: Tia alama kwenye karatasi papo hapo, ili ndugu mwingine asimpe tena. Kama hamna hakika amemeza, msirudie, mpigieni mfamasia.

Kwa anayeishi mbali, kengele ya simu pekee haitoshi: mzee huizima na kuendelea na yake. Piga simu ya video, usikate mpaka umwone amemeza. Vidonge vikianza kuokotwa sakafuni, anahitaji mtu wa kuwa naye nyumbani.

Na akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usiseme ni uzee. Mpeleke hospitali haraka pamoja na dawa zake zote; huenda ni maambukizi, au ni dawa yenyewe.